Jina Lililobadilika Njiani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Tabu alikuwa na kazi moja ambayo hakutaka mtu mwingine aifanye. Aliwasha pasi ya baba yake. Alichagua vipande vizuri vya mkaa, akavipanga ndani ya pasi, akavipepea mpaka vikawa vyekundu, kisha akafunga kifuniko na kuipeleka barazani. Baba yake, fundi Chande, alikuwa ameshaketi kwenye cherehani yake, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Nyumba yao ilikuwa Mikindani, katika uchochoro wa nyumba za mawe, na watu waliokwenda sokoni walipita hapohapo mbele ya baraza.

"Tabu hajambo?" mmoja wao angeuliza.

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Tabu amekuja na moto! Mungu atuepushe!" Kisha angecheka kama mtu aliyevumbua mzaha mpya, ingawa jana yake mpita njia mwingine alikuwa ameusema uleule.

Tabu aliwazoea watu wazima. Waliomkera ni wenzake wa darasa la tano. Mwalimu akisema zoezi la leo halina tabu, darasa zima lingegeuka kumtazama. Siku moja alipougua homa akakosa shule, mvulana mmoja aitwaye Hamisi alinyoosha mkono na kumwambia mwalimu, "Leo darasani hakuna tabu!" Watoto walicheka mpaka wakagonga madawati. Tabu alihadithiwa kesho yake, na kwa siku nyingi hakumsemesha Hamisi.

"Wewe una bahati," alimwambia rafiki yake Rozalia walipokuwa wakirudi nyumbani. "Jina lako halimchekeshi mtu."

"Ni jina la bibi yangu wa Ndanda," alijibu Rozalia. "Mimi sijui hata maana yake."

"Afadhali. Maana ya langu kila mtu anaijua."

Mwezi wa kumi na moja mwaka huo, miaka michache baada ya Uhuru, mama yake Tabu alijifungua mtoto wa kiume. Tabu alikuwa mtoto wa pekee kwa muda mrefu, na sasa furaha yake haikuwa na mfano. Alimkalia mtoto karibu, akamhesabu vidole, akampungia nzi kwa upande wa kanga. Kwa kuwa mtoto alikuwa bado hajapewa jina, walimwita Mgeni.

Katika ukoo wao, jina la mtoto wa kwanza wa kiume lilitolewa na mama wa baba. Bibi Mwanaamina aliishi Mtawanya, pembeni mwa mji wa Mtwara, kwenye shamba lake la mikorosho. Alikuwa akisumbuliwa na mguu, tena korosho zilikuwa zinaanguka kila siku, kwa hiyo hakuweza kuja. Fundi Chande naye alikuwa na nguo za watu za kumaliza.

"Jumapili utakwenda wewe," alimwambia Tabu. "Chukua mwenzako, msipande basi peke yenu bila kumwambia dereva mnakokwenda. Msalimu Bibi, umwambie tumepata mtoto wa kiume, na umwombe atupe jina."

Tabu alifurahi sana. Kupewa kazi kama hiyo lilikuwa jambo la mtu mzima.

Jumapili asubuhi Tabu na Rozalia walipanda basi la Mtwara, wakashuka njiani na kushika njia ya Mtawanya. Shambani kulikuwa na harufu kali tamu ya mabibo yaliyoiva. Bibi Mwanaamina alikuwa ameketi juu ya kigoda, mguu mmoja ameunyoosha, akinyonyoa korosho kutoka kwenye mabibo na kuzitupia kwenye jamvi zikauke.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu! Haya, semeni haraka, ni nini?"

"Ni mwanamume, Bibi!"

Bibi alipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Aliwapa mabibo, akawauliza kama mtoto ananyonya, kama analala, kama masikio yake ni makubwa kama ya baba yake. Alipotosheka na majibu, alifuta mikono yake kwa kanga.

"Mwambie baba yako jina ni Mashaka."

Tabu aliacha kutafuna bibo. "Nani, Bibi?"

"Mashaka. Baba yako anajua kwa nini. Nami siku ya akika nitatuma mtu aniwakilishe."

Tabu alitaka kusema kitu. Alitaka kusema kwamba mtoto ni mzuri, kwamba ana nywele laini, kwamba jina hilo halimfai kabisa. Lakini Bibi alikuwa anacheka peke yake kwa furaha, na Tabu hakupata ujasiri. Alisema tu, "Ndiyo, Bibi."

Ndani ya basi la kurudi alitazama tu minazi ikipita. Rozalia alijaribu kumchekesha akashindwa.

"Mimi Tabu, yeye Mashaka," hatimaye Tabu alisema. "Hamisi atasemaje? 'Kwa fundi Chande kuna tabu na mashaka.' Atalisema mpaka tuzeeke."

"Si atalizoea?"

"Mimi nimezoea? Sikuzoea hata siku moja." Aligeuka akamtazama mwenzake. "Nitasema Bibi amemwita Thabiti."

Rozalia alishtuka. "Lakini hakusema hivyo!"

"Thabiti ni jina zuri. Maana yake mtu imara, asiyeyumba. Bibi akishamwona atalipenda."

"Tabu, hilo jina si lako. Umetumwa tu."

"Nyamaza. Usimwambie mtu yeyote."

Rozalia hakukubali kwa kichwa wala kwa neno.

Fundi Chande alisimamisha cherehani alipowaona. "Haya, mjumbe wangu! Mama amesemaje?"

"Amesema mtoto aitwe Thabiti," alijibu Tabu.

"Thabiti?" Baba yake alikunja uso kidogo. "Una hakika?"

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilidhani atasema jingine." Alibaki akilitazama gurudumu la cherehani, kisha akainua mabega. "Haya. Mama ndiye anayejua. Thabiti ni jina zuri."

Kuanzia jioni hiyo mtaa mzima ulimwita mtoto Thabiti, bila kungoja siku ya saba. Jirani yao Mwanakombo, aliyekuja kila siku kumkanda mama yake Tabu kwa maji ya moto, alitunga wimbo mfupi wa kumbembeleza kwa jina hilo. Hakuna aliyecheka. Watu walisema, "Mashaallah, jina la kiume hasa." Tabu alijiambia kwamba alikuwa amefanya vizuri. Hata hivyo, kila baba yake aliposimamisha cherehani, alidhani ataulizwa tena. Naye Rozalia alipokuja kumtazama mtoto, alimwita "mtoto" tu. Jina la Thabiti hakulitamka.

Siku ya akika ilifika. Tangu asubuhi wanawake walijaa uani, wengine wakichagua mchele, wengine wakikuna nazi. Barazani majamvi yalitandikwa, na Maalimu wa chuo cha Kurani alikuwa ameshafika, anakunywa kahawa pamoja na baba yake Tabu. Tabu alikuwa karibu na mlango wa uani akiosha vikombe, alipomwona mzee mrefu mwembamba anakuja kwa uchochoro wa nyuma akimvuta mbuzi dume mweupe. Kanzu yake ilikuwa imejaa vumbi jekundu la safari.

Tabu alimtambua. Alikuwa Babu wa Kilambo, mdogo wake Bibi, aliyekaa mbali kando ya mto Ruvuma na kuvusha watu kwa mtumbwi. Hakuonekana Mikindani mara nyingi, na hakuwa na mke wala mtoto. Nyumbani kwao hakuna aliyemwita kwa jina. Baba alimwita Mjomba, na wengine Babu wa Kilambo.

Mwanakombo ndiye aliyempokea mlangoni. "Karibu, mzee wangu, karibu! Umetoka mbali!"

"Nimetoka Kilambo. Nimelala Mtawanya kwa dada yangu, ndiye aliyenituma." Mzee alikuwa anatabasamu mpaka mapengo yakaonekana. "Nimekuja kumwona somo wangu."

Mwanakombo hakuelewa. Somo ni mtu unayeitwa naye jina moja. "Somo wako? Kumbe nawe unaitwa Thabiti?"

"Thabiti ni nani?"

"Mtoto! Si ndilo jina lake? Siku zote hizi tunamwimbia."

Tabasamu la mzee lilitoweka taratibu. Kisha akaifunga kamba ya mbuzi kwenye nguzo, fundo moja, akaikaza.

"Aha. Basi vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Mpeni fundi Chande mbuzi huyu. Mwambieni nilikuwa na haraka."

"Mzee wangu, hata maji hunywi?"

Lakini alikuwa ameshageuka. Mwanakombo alibaki amekishika kiuno chake, akamtazama mbuzi, akamtazama mzee anayekwenda zake. "Wazee wengine!" alisema, akarudi kwenye nazi yake.

Tabu aliganda na kikombe mkononi. Sasa alielewa yote. Mashaka halikuwa neno tu. Lilikuwa ni mtu, na mtu huyo alikuwa anaondoka uchochoroni akiwa ameinamisha kichwa. Barazani hakuna aliyemwona. Kama Tabu angenyamaza, mzee angerudi zake Kilambo, mtoto angeitwa Thabiti, na huenda neno lisingejulikana kamwe.

Alikiweka kikombe chini na kukimbia.

Alimfikia barabarani, mahali malori ya korosho yanaposimama. Mzee alikuwa ameketi juu ya jiwe akikung'uta mchanga kwenye kiatu.

"Babu! Shikamoo. Babu, usiende!"

"Marahaba. Wewe si binti wa Chande?"

"Ndiye mimi. Babu, jina ni lako. Bibi alisema Mashaka. Mimi nililibadilisha njiani."

Mzee aliacha kukung'uta kiatu. "Wewe?"

"Mimi. Baba hajui. Mama hajui. Ni mimi peke yangu."

"Nilikukosea nini, mjukuu wangu?"

Swali hilo lilimchoma Tabu kuliko fimbo. Machozi yalimtoka. "Hukunikosea. Sikujua kama ni jina lako. Mimi naitwa Tabu, Babu, na shuleni wananicheka kila siku. Nilifikiri nao watamcheka mdogo wangu." Akamweleza yote, habari za Hamisi, za wale wapita njia wa asubuhi, na jinsi alivyotunga uongo ndani ya basi.

Mzee alimsikiliza bila kumkatiza. Tabu alipomaliza, mzee alivaa kiatu chake.

"Baba yako nitamwambia nini?"

"Sijui, Babu."

"Mimi sitamwambia neno." Tabu alipata ahueni kidogo, lakini mzee aliendelea, "Utamwambia mwenyewe. Mimi nitasimama karibu tu. Isitoshe, mbuzi wangu yule ni mkorofi, nimemwacha na watu wasiomjua."

Walirudi pamoja. Fundi Chande alipomwona mjomba wake aliruka kutoka jamvini, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Mjomba! Umefika saa hizi? Karibu, keti!"

Mzee hakuketi. Alimtazama Tabu.

Watu wote walikuwa wanatazama. Tabu alisema kwa sauti ya kusikika, "Baba, jina alilotoa Bibi si Thabiti. Alisema Mashaka. Mimi nilikudanganya."

Mama yake alisogea nyuma ya pazia la mlango na mtoto mkononi.

"Nilikuuliza kama una hakika," baba yake alisema polepole.

"Ndiyo, Baba."

"Ukaniambia ndiyo."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

Fundi Chande alimgeukia mjomba wake. "Mjomba, nawe ulifika hapa ukaambiwa mtoto anaitwa Thabiti? Umenifikiria nini moyoni?" Kisha akamwambia Tabu, "Unamjua huyu ni nani? Nilipokuwa mdogo kuliko wewe, baba yangu ameshafariki, niliugua kule Kilambo nikawa siwezi kusimama. Mvua zilikuwa zimekata barabara, hakuna gari. Huyu alinibeba mgongoni mpaka hospitali ya Mtwara. Akipumzika, ananiweka chini, ananipa maji, ananibeba tena. Ndiyo maana mimi na Bibi yako tulisema siku nyingi, nikipata mtoto wa kiume, ataitwa jina lake."

Tabu alijifunika uso. Hakuna aliyemchapa, na bado alilia.

"Basi mtoto ni Mashaka," alisema baba yake. "Limekwisha hilo."

"Halijakwisha," alisema mzee, na sasa ndipo alipoketi. "Mwulizeni kwanza huyu binti sababu yake."

Tabu akarudia, kwa kwikwi, yale aliyoyasema barabarani. Baadhi ya wapita njia wa kila asubuhi walikuwa humo barazani, nao walianza kutazama majamvi. Maalimu aliweka chini kikombe cha kahawa.

"Uongo ni kosa, na hilo amelikiri," alisema Maalimu. "Lakini tuseme haki. Dini yetu inatuhimiza tuwape watoto majina yenye maana njema. Binti huyu hakukosea kulifikiri jambo hilo. Amekosea njia aliyoipita."

Mzee alicheka kidogo. "Hata mimi jina hili sikulichagua. Mama yangu alizika watoto wawili kabla yangu. Nilipozaliwa hakuamini kama nitaishi, akasema, huyu naye ni mashaka tu. Nimeishi mpaka leo, na jina likaishi nami." Alikuna kidevu. "Lakini chuoni mwalimu wangu hakulipenda. Yeye alinisomesha kwa jina la Abdulrahmani."

"Abdulrahmani?" Fundi Chande alishangaa. "Mjomba, mimi sijawahi kulisikia!"

"Utalisikia wapi? Nilipotoka chuoni nilikwenda kwenye mtumbwi, na abiria wakiwa wanaogopa mamba hawana muda wa kusema Abdulrahmani. Wanaita, Mashaka, njoo utuvushe!"

Watu waliangua kicheko. Maalimu naye alicheka mpaka akafuta macho. "Mja wa Mwingi wa Rehema," alisema. "Jina gani bora kuliko hilo?"

"Likiwa ni lake na ni langu pia," alisema mzee, "yeye bado ni somo wangu. Au sivyo?"

Nyuma ya pazia mama yake Tabu alipiga kigelegele cha kwanza, na wanawake wa uani wakadakia kabla hawajajua ni cha nini. Wakati huohuo Mwanakombo alipiga kelele mlangoni. Mbuzi alikuwa amefungua fundo na kula mfuko mzima wa kanzu mpya iliyokuwa ikingojea vifungo.

"Niliwaambia ni mkorofi," alisema mzee.

Maalimu alisoma dua, mtoto akanyolewa nywele, na jina la Abdulrahmani likatamkwa mbele ya watu wote. Mzee alimpakata somo wake kwa muda mrefu hata wanawake wakalazimika kumwomba ili mtoto akanyonye.

Alasiri, wageni walipokwisha kuondoka na sahani zimeoshwa, Tabu aliketi uani na wazazi wake pamoja na Babu.

"Mama," aliuliza, "kwa nini mliniita Tabu?"

Mama yake alitabasamu. "Uchungu wako ulikuwa mrefu. Kila Bibi yako alipochungulia na kuniuliza hali, nilijibu, 'Tabu, Mama, tabu tu.' Ulipotoka ukilia kwa nguvu zote, Bibi alikuinua juu akasema, 'Hii ndiyo tabu yenyewe? Mbona ni nzuri hivi!' Tulicheka wote. Jina likabaki. Kwetu lilikuwa jina la kicheko."

"Hatukufikiri kwamba wengine wangecheka kwa namna nyingine," baba yake aliongeza. "Kosa hilo ni letu. Ukitaka jina jingine, sema, tutakaa tulizungumze na Bibi."

Tabu alifikiri. "Sijui bado, Baba. Nitaliwaza."

"Liwaze. Na lingine la kuwaza ni hili." Fundi Chande alimsogelea. "Jina la mtoto lazima litazamwe maana yake, kwa sababu atalibeba kila siku, na wewe umetukumbusha. Ungemwambia Bibi palepale shambani kwamba hulipendi, au ungeniambia mimi barazani, jina hili la leo tungelipata bila mtu kuumia. Neno la mtu ukikabidhiwa, lifikishe kama lilivyo. Ukiwa na la kupinga, pinga mbele ya mwenyewe, kwa adabu, na usiogope. Ukilibadilisha kimyakimya, hata kama nia yako ni njema, kuna mtu mahali fulani atalia bila kujua nani amemliza."

"Nimeelewa, Baba."

"Basi Jumamosi utapanda lori na Babu yako mpaka Mtawanya, ukamweleze Bibi mwenyewe."

Tabu aliitikia. "Nitamweleza yote."

"Ujitahidi kuanza wewe," alisema Babu, akimkonyeza. "Ukiniachia mimi, nitaongeza chumvi, na yule mbuzi atakuwa amekula cherehani."